Albert Coons: Daktari aliyetia kingamwili rangi

KWA miaka mingi, mgonjwa aliyepatikana na virusi vya Ukimwi katika mji wa Sindo na vijiji jirani, ufuoni mwa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, alisubiri kwa wasiwasi nambari moja: hesabu ya seli zake za CD4.

Nambari hiyo ilimsaidia daktari kuamua iwapo wakati wa kuanza dawa za kupunguza makali umewadia. Ni wachache waliofahamu kwamba chimbuko lake ni wazo la Mmarekani aliyeaga dunia kabla Ukimwi haujatambuliwa.

Albert Hewett Coons alizaliwa Juni 28, 1912, katika mji wa Gloversville, jimbo la New York. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mnamo 1937.

Akiwa Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1939, alitafakari kuhusu homa ya baridi yabisi inayodhuru moyo. Wataalamu walishuku kwamba inasababishwa na bakteria, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha masalia ya bakteria hao ndani ya moyo ulioathirika.

Coons alijua kuwa kingamwili, protini ambazo mwili huunda kupambana na maradhi, hunata tu kwenye kitu zilichoundiwa kukabili. Aliwaza: je, zikitiwa rangi, hazitafichua mahali adui alipojificha?

Aliporejea Harvard alishirikiana na wanakemia, wakiwemo Hugh Creech na Norman Jones. Mwaka wa 1941 walitangaza kwamba kingamwili zilizotiwa rangi ziliwafanya bakteria wa nimonia wang'ae chini ya darubini yenye miale ya urujuanimno.

Hata hivyo, rangi hiyo ilikuwa ya samawati, na viungo vya mwili navyo hutoa mng'ao kama huo. Ndipo wakageukia fluoresini, yenye mng'ao wa kijani, na kuchapisha matokeo mapya mnamo 1942.

Vita vya Pili vya Dunia vilikatiza kazi hiyo. Coons alihudumu jeshini katika eneo la Pasifiki hadi 1946, kisha akarudi Harvard. Mnamo 1950, yeye na Melvin Kaplan walichapisha mbinu iliyoboreshwa, nayo ikaenea katika maabara nyingi duniani.

Alitunukiwa Tuzo ya Lasker mwaka wa 1959. Alifariki Septemba 30, 1978, akiwa na umri wa miaka 66.

Miaka mitatu baadaye, madaktari nchini Marekani waliripoti visa vya kwanza vya Ukimwi. Kenya ilithibitisha kisa chake cha kwanza mnamo 1984, na eneo la ziwa likawa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi.

Hapo wazo la Coons likapata kazi ambayo mwenyewe hakuitarajia. Kingamwili zenye rangi ziliwekwa katika damu, zikanata kwenye protini ya CD4, na mashine yenye mwanga wa leza ikahesabu seli zilizong'aa.

Tangu 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kila anayepatikana na virusi aanzishiwe dawa bila kusubiri hesabu hiyo. Lakini kipimo chenyewe hakijatupwa: bado humwonyesha daktari ni mgonjwa yupi ambaye kinga yake imedhoofika kiasi cha kuhatarisha maisha.