Axel Fredrik Cronstedt na Shaba ya Kibwengo

Mnamo mwaka wa 1907 Waingereza walifungua kituo chao cha utawala mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Mwaka uo huo zilianza kutolewa, kwa matumizi ya himaya za Afrika Mashariki na Uganda, sarafu za senti kumi zenye tundu katikati. Mapambano baina ya Abagusii na wakoloni hayakuwa yamekwisha: Januari ya 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mkuu wa kituo hicho, na jeshi likaja kulipiza kisasi kwa kuteketeza nyumba na kuswaga mifugo. Utawala ulipojikita, vile visarafu vikaingia sokoni na katika kodi. Vilikuwa vyeupe mithili ya fedha, ilhali havikuwa na fedha ndani yake. Vilikuwa shaba iliyochanganywa na nikeli, na nikeli ndiyo iliyoificha rangi nyekundu ya shaba. Msomi aliyeitambua metali hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 140.

Msomi huyo, Axel Fredrik Cronstedt, alizaliwa tarehe 23 Desemba 1722 katika eneo la Södermanland nchini Uswidi. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, mtaalamu wa ngome, na kijana alitarajiwa kushika njia iyo hiyo. Alipelekwa Uppsala kusoma hisabati, akahudumu kwa muda kama karani wa baba yake katika ziara za kukagua ngome. Lakini huko Uppsala alikuwa amekwisha kukutana na Johan Gottschalk Wallerius, mwalimu wa elimu ya madini, na moyo wake ukahamia kwenye mawe. Baadaye alijifunza upimaji wa madini mjini Stockholm chini ya Georg Brandt, ambaye katika miaka ya 1730 alikuwa ameigundua kobalti. Hapana budi kulizingatia jina la mwalimu huyu, kwani bila yeye sehemu iliyosalia ya maisha ya Cronstedt haieleweki.

Katika milima ya Saxony, Ujerumani, wachimba migodi walikuwa wakipata jiwe zito la rangi nyekundu iliyofifia, lililofanana kabisa na jiwe la shaba. Walilitia tanurini wakitarajia shaba, wakaambulia patupu. Zaidi ya hayo, moshi wake uliwadhuru. Wakaamua kwamba kibwengo wa mgodini ameiroga shaba yao, wakaliita jiwe hilo Kupfernickel, yaani shaba ya kibwengo. Jina la kobalti nalo lina asili ya namna hiyo hiyo: kobold, pepo mwingine wa machimbo. Ni rahisi kuwacheka wachimba migodi hao, na vitabu vingi huwacheka. Lakini hawakuwa wajinga. Jiwe lile ni muungano wa nikeli na aseniki, na moshi wa aseniki ni sumu kali. Ugonjwa waliousema ulikuwa wa kweli, ila maelezo ya chanzo chake ndiyo yaliyokuwa ya kubuni.

Cronstedt alianza uchunguzi wake kwa mawe ya mgodi wa kobalti wa Los, katika jimbo la Hälsingland. Juu ya mawe hayo palikuwa na ukoga wa kijani, na kijani kwa macho ya mpimaji wa karne ya 18 kilimaanisha shaba. Alipoyayeyusha mawe katika asidi alipata maji ya kijani vilevile. Kulikuwa na jaribio jepesi la kuithibitisha shaba: ukitumbukiza kipande cha chuma katika maji ya namna hiyo, shaba hujishikiza juu yake. Cronstedt alitumbukiza chuma chake, na hakuna shaba iliyojitokeza. Akauchoma ule unga wa kijani pamoja na makaa, akapata metali ngumu, nyeupe, iliyovutwa na sumaku. Shaba haivutwi na sumaku. Mwaka wa 1751 alichapisha matokeo yake, na mwaka wa 1754 akaipa metali hiyo jina.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa na kila anayeshughulikia uundaji wa istilahi. Mbele yake palikuwa na neno lenye vipande viwili, shaba na kibwengo. Aligundua kuwa Kupfernickel ina metali ile ile, akakitupa kipande cha kwanza na kukibakiza cha pili. Kwa maneno mengine, alikiondoa kile kilichoonekana cha kisayansi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa cha uongo, akakiacha cha ushirikina ambacho hakikumdanganya tena mtu yeyote. Kiswahili kimelipokea neno hilo kwa umbo la nikeli, na kibwengo yumo ndani yake hadi leo.

Chombo ambacho Cronstedt alikitumia kwa ustadi kuliko wenzake kilikuwa mrija mwembamba wa kupulizia mwali wa mshumaa uelekee kwenye chembe ya jiwe. Hakuwa wa kwanza kuutumia, lakini ndiye aliyeufanya kuwa nyenzo ya kawaida ya mchunguzi wa madini. Kazi hiyo huhitaji pumzi isiyokatika: mashavu husukuma hewa huku pua ikivuta nyingine, kama afanyavyo mpiga zumari. Kwa mrija huo aliona mwaka wa 1756 kwamba mawe fulani hutokota yanapochomwa, akayaita zeolaiti kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka.

Mwaka wa 1758 alitoa kitabu kilichoainisha madini kwa kuzingatia kemia yake badala ya rangi au umbo la nje. Hakutia jina lake juu ya kitabu hicho. Hoja yake ingeeleweka bila taabu kule Tabaka, ambako wachongaji hupata jiwe la sabuni jeupe, la waridi na la kijivu katika machimbo ya eneo moja, nao hawalihukumu jiwe kwa rangi peke yake mpaka kisu kimeligusa.

Sifa hizi hazikumpa utulivu. Wanakemia wa Ufaransa, Sage na Monnet, walidai kwamba nikeli yake ni mchanganyiko tu wa kobalti, chuma, aseniki na shaba. Haifai kuwaona kama mahasidi. Metali aliyoipata Cronstedt kwa hakika haikuwa safi. Ilikuwa na kobalti, chuma na aseniki ndani yake. Alikuwa ameiona nikeli kabla ya kuweza kuitenga na wenzake. Alifariki tarehe 19 Agosti 1765 huko Säter, akiwa na umri wa miaka 42, na mjadala ukiwa haujafungwa. Ilimbidi Torbern Bergman aisafishe metali hiyo mara nyingi, na mwaka wa 1775 akaonyesha kuwa kadiri uchafu unavyotolewa ndivyo sifa za nikeli zinavyozidi kudhihirika. Ingalikuwa mchanganyiko, zingalipotea.

Swali la sumu, hata hivyo, halikuondoka pamoja na aseniki. Mwaka wa 1890 Ludwig Mond na wenzake waligundua kuwa nikeli huungana na monoksidi ya kaboni na kuwa mvuke, wakaugeuza ugunduzi huo kuwa njia ya kusafishia metali. Mvuke huo unaua. Kiwanda cha Clydach, Wales, kilianza kazi mwaka wa 1902, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imebainika kwamba wafanyakazi wake walipatwa na saratani za pua na mapafu kupita kiasi cha kawaida. Mwaka wa 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka kampaundi za nikeli katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa, na mwaka wa 2017 likauweka humo moshi wa kuchomelea vyuma. Katika vibanda vya jua kali vya Kisii, Keroka na Nyamira, fundi anayechomelea chuma kisichoshika kutu huvuta moshi wenye nikeli na kromi. Pua isiyozibwa iko karibu na cheche kuliko ilivyokuwa pua ya mchimba migodi wa Saxony karibu na tanuri.

Mwaka wa 1821 madini mapya yaliyopatikana Bohemia yalipewa jina la Cronstedt kwa heshima yake: kronstediti. Ni jiwe jeusi lenye chuma kwa wingi. Nikeli haimo katika fomula yake.