Leo Fender: Fundi wa Redio Asiyejua Kupiga Gita, Lakini Gita Yako Inamdai Asante

Kama uko na gita ya umeme ya bei ya chini kwa keja, igeuze uangalie mgongo. Pale shingo inakutana na mwili, kuna chansi kubwa utapata skrubu nne. Hizo skrubu ziko na story, na ni ya msee anaitwa Leo Fender.

Leo alizaliwa 1909 huko California, Marekani, kwa familia ya wakulima wa machungwa. Akiwa bado mtoi alipoteza jicho moja, akawekewa la kioo. Redio ndizo zilikuwa zinamshika akili, lakini college alisomea uhasibu. Ufundi alijifunza mwenyewe.

Miaka ya 1930 uchumi ulianguka vibaya na Leo akapoteza job. Mwaka wa 1938 akakopa dola 600, akafungua duka la kurekebisha redio mjini Fullerton. Wanamuziki wakaanza kumletea amplifaya na gita zimekufa. Na shika hii: Leo hakujua kupiga gita. Alizijua kwa kuzifungua. Akitaka kujua kama iko fiti, aliwapa wanamuziki wajaribu, kisha akasikiza malalamiko yao.

Gita nyingi za enzi hizo shingo iligandishwa na gundi. Ikisumbua, unatafuta fundi mkali na doh mob. Leo akafikiria kama fundi wa redio: kitu kikiharibika fungua, toa, weka ingine. Si yeye alikuwa wa kwanza kufunga shingo na skrubu, lakini ndiye aliipeleka kiwandani kwa wingi. Gita yake ikatoka 1950, baadaye ikaitwa Telecaster. Stratocaster ikafuata 1954. Leo hii, gita mingi za bei rahisi duniani zinafuata mtindo huo huo.

Halafu afya ikamgeuka. Akiamini siku zake zimeisha, aliuzia CBS kampuni mwaka wa 1965 kwa dola milioni 13. Kisha akapona! Sasa ona noma: jina lake liko kwa kila gita, na kampuni si yake tena. Lakini hakukaa akilia. Akiwa mshauri wa hao hao wenyewe wapya, alibuni skrubu ndogo ya kuinamisha shingo bila kuitoa. Baadaye akaanza upya na G&L, na hata ugonjwa wa Parkinson ulipomshika aliendelea kwenda kwa benchi yake. Alifariki Machi 1991, akiwa na miaka 81.

Sasa rudi kwa gita yako. Nyuzi ziko juu sana, vidole vinauma, na vile vyuma vinashikilia nyuzi pale kwa daraja umevishusha hadi mwisho? Kwanza hakikisha shingo haijapinda. Kama imenyooka, shida pengine ni pembe yake.

Legeza nyuzi zote, fungua skrubu nne, toa shingo polepole. Chukua kipande cha kadi ngumu, kisizidi nusu milimita, ukiweke kwa shimo la shingo, upande ulio karibu na daraja. Rudisha shingo, kaza skrubu zishike bila kuzilazimisha, kisha kaza nyuzi upime. Kichwa cha gita kitarudi nyuma kidogo tu, na nyuzi zitashuka. Zikishuka sana, inua vile vyuma vya daraja. Ukiweka kadi upande ule mwingine, nyuzi zitapanda zaidi, so usichanganye.

Hiyo ndiyo zawadi Leo aliacha: chombo ambacho mtu wa kawaida anaweza kufungua na kurekebisha. Kabla uposti kwa status kwamba gita inauzwa, tafuta bisibisi.