Shekhar Mehta na Pasaka ya 1973

Sisi Waislamu wa pwani ya kusini Pasaka haituhusu, lakini kuna wakati tuliihesabia siku kama wale wanaoisherehekea. Ilikuwa ndiyo wikendi ya Safari Rally. Redio ikitaja nani amepita wapi na nani amekwama, na mimi, mtoto wa Ukunda mwishoni mwa miaka ya themanini, nilijua majina ya madereva kabla sijajua jina la mbunge wetu. Siku hizi ukienda steji ukawauliza vijana wa bodaboda dereva mkubwa wa Kenya alikuwa nani, akipatikana wa kujibu atakwambia Joginder Singh, kwa kuwa jina hilo lilishageuka sifa na tusi la kila anayekanyaga mafuta. Sina ubaya na Joginder. Alishinda Safari mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Lakini kuna mwingine aliyeshinda mara tano. Huyo ni Shekhar Mehta.

Shekhar alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Watu wa Msambweni hawahitaji kuelezwa sana maana ya hilo. Kiwanda chetu cha sukari cha Ramisi kilikuwa mikononi mwa akina Madhvani, ambao shina lao lilikuwa Kakira, Uganda, na mzee yeyote aliyekata miwa kabla kiwanda hakijafungwa 1988 anajua jinsi matajiri wa mashamba walivyoishi na jinsi vibarua walivyoishi. Kwa hiyo sitamfanya Shekhar maskini aliyeinuka kutoka mavumbini. Alikuwa kijana wa watu wenye nafasi, aliyependa magari na aliyeweza kuyanunua. Alianza mbio katika miaka ya sitini, na mwaka 1971 akamaliza wa pili katika Safari akiendesha Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama hilo hilo.

Gari lenyewe linastahili neno. Datsun 240Z lilikuwa gari la michezo hasa: milango miwili, boneti refu, injini ya silinda sita, limekaa chini kama paka anayenyemelea. Ukiliona leo utadhani limeundwa kwa barabara ya lami laini ya Ulaya. Wajapani wakalileta hapa, wakalitia kwenye matope ya Aprili.

Na Safari ya miaka ile haikuwa kama mbio za uwanjani. Ilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na tangu hapo ikawa inakimbiwa kwenye barabara za kawaida, zisizofungwa, zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache, usiku na mchana. Njiani mlikuwa na malori, ng'ombe, watoto wanaotoka dukani, na huko Tsavo ndovu asiyejua lolote kuhusu mashindano. Masika nayo huja wakati huo huo wa Pasaka. Dereva hakushindana na mwenzake ana kwa ana. Alishindana na saa. Kila kituo kilikuwa na muda wake wa kufika, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa pointi ya adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Zingatia hapo: hakuna aliyefika kila kituo kwa wakati. Aliyeshinda ni yule aliyechelewa kidogo kuliko wengine.

Sasa rudi nyuma kidogo, Agosti 1972. Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Familia ya Shekhar ikawa miongoni mwa walioondoka, ikaingia Kenya. Hapa napenda tuwe wakweli, kwa sababu tumezoea kuieleza hadithi hii kana kwamba Amin alikuwa mbaya na sisi tulikuwa wema. Kenya haikufungua mikono. Ilifunga mpaka kwa wengi wa waliofukuzwa. Waliokuwa wakienda India walipitishwa nchini ndani ya treni, wasiruhusiwe kushuka njiani, hadi bandarini Mombasa kupanda meli. Miaka michache kabla ya hapo, sheria zetu wenyewe za leseni za biashara na uhamiaji za 1967 ziliwafanya maelfu ya Waasia wa Kenya wakimbilie Uingereza. Waliovuka feri ya Likoni siku hizo waliziona meli zile zikitoka. Shekhar alipata mlango. Wengine wengi walipita mbele ya mlango huo huo bila kuonyeshwa kitasa.

Miezi mitano tu baada ya siku ya mwisho aliyoiweka Amin, Shekhar alikuwa amekaa ndani ya 240Z, Pasaka ya 1973, pamoja na mwelekezi wake Lofty Drews. Mwaka huo ndio ulikuwa wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rally, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano 13 yaliyohesabiwa. Watengenezaji magari walikuja na madereva wao wakubwa kutoka Ulaya.

Yaliyotokea hayakutokea tena. Baada ya kilomita zote hizo, Shekhar na Msweden Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun nyingine, 1800 SSS, walimaliza na adhabu sawa kabisa: pointi 406 kila mmoja. Yaani saa sita na dakika 46 za kuchelewa, huyu na yule, wala dakika moja haikuwatofautisha. Wa tatu alikuwa Ove Andersson wa Peugeot, na aliyemsomea ramani alikuwa kijana wa Kifaransa aitwaye Jean Todt, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa rais wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani. Ikabidi waangalie kanuni. Kanuni ilisema wakilingana, ushindi ni wa yule aliyekwenda mbali zaidi mwanzoni kabla ya kuanza kuadhibiwa. Alikuwa Shekhar. Mtu aliyefukuzwa alikozaliwa akawa mshindi wa kwanza kutoka nje ya Ulaya katika ubingwa wa dunia wa rally, na mbele ya jina lake pakaandikwa Kenya.

Mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa lori la nazi kati ya Lunga Lunga na Mombasa, alimpenda Shekhar kuliko Joginder, na sababu yake ilikuwa ya kikazi. Alishikilia kwamba dereva anajulikana kwa hali ya gari linapofika, si kwa vumbi linalobaki nyuma. Nami nikiangalia rekodi ya Shekhar naona mzee alikuwa na hoja. Kati ya 1979 na 1982 alishinda Safari mara nne mfululizo, na mwelekezi wake akiwa Mike Doughty, katika Datsun ndogo ya aina ya Violet ambayo kwa sura ungedhani ni gari la mwalimu mkuu. Mwaka 1979 Mercedes walikuja na magari yao makubwa ya 450 SLC yenye injini ya lita tano na dereva kama Hannu Mikkola, aliyekwisha kuonja ushindi wa Safari 1972. Mikkola akamaliza wa pili. Mwaka 1982 aliyekuwa nyuma ya Shekhar ni Walter Röhrl, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia. Watu hawa walikuwa na kasi kumzidi, naamini hivyo bila aibu. Lakini jiwe lililofichwa ndani ya dimbwi halimjali mwenye kasi, na Shekhar alijua wapi pa kukanyaga na wapi pa kuliachia gari lipumue.

Kinachonikera ni jinsi tulivyompokea kwa wepesi. Simkerekei yeye, nakerekwa na sisi. Aliposhinda hakuna aliyeuliza babu yake alizikwa wapi. Hapa kwetu Kwale, Wamakonde waliokuja kutoka Msumbiji kukata mkonge na miwa, wakazaa na kuzika Msambweni, waliishi miongo mingi bila kitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao. Mwaka uliofuata ndipo wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Mmoja aliingia uraiani kwa usukani, wengine kwa malengelenge ya miguu.

Mwaka 1987, katika mashindano ya Mafarao huko Misri, Shekhar alipata ajali mbaya iliyomaliza udereva wake. Hakukaa nyumbani. Aliingia katika uongozi wa FIA na akawa rais wa tume ya rally. Mkewe, Yvonne, ambaye naye aliwahi kumsomea ramani katika mashindano kadhaa, alibaki naye katika ulimwengu huo wa magari. Baada ya mashindano ya 2002 Safari ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia. Shekhar alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60, bila kuiona ikirudi.

Ilirudi 2021. Lakini sasa inazunguka Naivasha, kwenye njia zilizofungwa na kulindwa, na mguu wa kushuka pwani haupo tena. Vijana wa Ukunda huitazama kwenye simu, wakigombania chaja.