Krapf, Mgeni Aliyetafuta Mahali pa Kukaa



Jumapili iliyopita, ibada ikiisha, mama mmoja alinivuta kando pale mlangoni. Kijana wake amepata kazi ng'ambo, ameshafika, lakini hajapata nyumba. Analala sakafuni kwa rafiki, na rafiki ameanza kuchoka. Mama alitaka kujua jambo moja tu: yeye ameomba, amefunga, ametoa sadaka, sasa mbona Mungu hamfungulii mtoto wake mlango? Niliomba naye. Lakini nikienda nyumbani nilijua sikumjibu. Wiki hii nimejaribu kutafuta jibu, na nimelipata kwa mtu aliyekufa zamani, ambaye jina lake wengi wetu tulikariri shuleni kisha tukalisahau: Johann Ludwig Krapf.

Kwenye mtihani wa historia tuliandika kwamba Krapf ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tukapewa alama zetu. Lakini hebu mwangalie leo kama mtu anayetafuta nyumba ugenini.

Alizaliwa mwaka wa 1810 kijiji cha Derendingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Akasomea umisheni, na mwaka wa 1837 akatumwa Ethiopia. Mji wa kwanza alioingia ulikuwa Adwa. Mwaka uliofuata wakamfukuza. Akaenda Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa karibu miaka 3, akajifunza lugha, akaanza kuona kama pale ni nyumbani. Mwaka wa 1842 akaondoka kwenda kupokea wenzake na kuoa. Njiani akaporwa mali yote. Alimwoa Rosina Dietrich mjini Alexandria, lakini walipojaribu kurudi Ethiopia wakakuta mlango umefungwa. Katika safari hizo za jangwani Rosina akajifungua mtoto kabla ya wakati, naye hakuishi. Wakampa jina Eneba, maana yake chozi kwa lugha ya kule.

Sasa mimi nilisomea biashara kabla sijaingia huduma. Kwa hesabu zangu, hapo mtu angefunga kitabu arudi kwao. Miaka 5, hakuna nyumba, hakuna kanisa, kuna kaburi moja. Krapf hakurudi. Alisikia kwamba huku kusini, pwani ya Afrika Mashariki, kuna njia ya kuingia bara. Mwanzo wa 1844 akafika Zanzibar.

Na nani alimfungulia mlango? Sayyid Said, sultani, Mwislamu. Alimpokea vizuri, akampa barua kwa watawala wake wa pwani ili wamtendee wema. Ndiyo Krapf na Rosina wakahamia Mombasa. Hapo tungesema Amina na kufunga ushuhuda: aliomba, akangoja, akapata. Lakini hadithi haikuishia hapo. Julai ya mwaka huo huo wa 1844 Rosina alijifungua mtoto wa kike. Wote nyumbani walikuwa na homa. Tarehe 13 Rosina akafa, na siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hivi kwamba kusimama kulikuwa kazi. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, na kaburi liko hadi leo.

Wapendwa, nawaambia ukweli, tukisoma maisha ya watu wa Mungu huwa tunapenda kuruka ukurasa kama huo. Mtu alimtumaini Mungu, akahama kwa kumtii, na kipande cha kwanza cha ardhi alichopata ugenini kilikuwa cha kuzika. Ibrahimu naye ndivyo ilivyokuwa. Alipewa ahadi ya nchi nzima, akaishi kwenye hema, na shamba alilonunua kwa pesa yake lilikuwa la kumzika Sara. Someni Mwanzo 23 mkifika nyumbani.

Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi ya pwani hii imeanza, na watume watu wengine. Mimi sijui kama ningeweza kuandika barua kama hiyo. Najua tu kwamba aliendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Maandiko, akiwa peke yake katika nyumba ambayo haina mtu tena. Miaka 2 ikapita hivyo.

Mwaka wa 1846 akaja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake. Wakapanda milima ya Rabai kuwaomba wazee ruhusa ya kukaa. Wazee hawa hawakuwa Wakristo, na hawakuwa na deni lolote kwa wageni wale wawili. Wakakubali. Wakawapa mahali. Mwezi wa Agosti wakahamia huko wote wawili wakiwa na homa, miguu haina nguvu, wakisaidiwa na punda. Kama ungewaona siku hiyo ungesema hawa wamekuja kufia hapa. Lakini pale wakajenga, na miaka 9 tangu atoke kwao, Krapf akapata mahali pa kuita nyumbani.

Nyinyi watu wa Ukambani mnajua hakuishia Rabai. Mwisho wa 1849 alifika Kitui, na mzee wetu Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa wakati ule, akampokea. Ni Kivoi aliyemweleza habari za ule mlima mkubwa wenye weupe juu, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona kwa macho yake. Akatamani kukaa kwetu kabisa. Mwaka wa 1851 akarudi kuanzisha kituo Yatta, jina ambalo hapa Machakos hakuna asiyelijua. Njiani wakavamiwa na wanyang'anyi. Alipofika, kibanda alichojengewa hakikutosha hata kwa kulala vizuri, na wasaidizi hawakupatikana. Akamfuata Kivoi kwenye safari ya kuelekea mto Tana. Wakavamiwa tena, Kivoi akauawa, Krapf akapotea porini. Alifika Tana akiwa karibu kufa na kiu, na kwa sababu hakuwa na chombo alijaza maji kwenye mtutu wa bunduki yake. Aliporudi kwa jamaa za Kivoi wakamlaumu kwa kifo cha mzee wao. Ilibidi atoroke usiku. Kituo cha Yatta hakikujengwa.

Aliomba nyumba hapa kwetu, wapendwa, na hakuipata. Mwaka wa 1853 afya ikamlazimu arudi Ulaya. Miaka 9 ya Afrika Mashariki, na waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa akiwa mgonjwa na kufa muda mfupi baadaye. Krapf alifariki Novemba 1881 huko Korntal, Ujerumani, na inasimuliwa alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Lakini Rabai ilibaki. Katika miaka ya 1870 na 1880 watumwa waliotoroka mabwana wao walikimbilia huko, na waliookolewa kutoka majahazi wakapewa makao Freretown na Rabai. Pale ambapo wazee waliwapa wageni wawili wagonjwa mahali pa kulala, pakawa nyumbani kwa watu wengi wasio na kwao. Krapf hakuwa na hesabu hiyo kichwani alipopanda mlima akiwa na homa.

Mimi mwenyewe nilienda Dubai nikiwa na miaka 24. Nilikuwa nimeahidiwa makao, nikafika nikakuta hakuna. Nikapanga kitanda, yaani kitanda tu, chumba kimoja wanaume 8, kila mmoja na pazia lake. Nilimpa Mungu tarehe. Nikamwambia kufikia mwisho wa mwezi nataka chumba changu, nikakiri, nikadai. Mwisho wa mwezi ukafika, hakuna chumba, nikanuna, nikaacha kuomba kabisa. Aliyenitoa pale alikuwa mfanyakazi mwenzangu kutoka Uganda, Mwislamu, aliyenikaribisha kwake bila kuniuliza dini wala kabila. Nilikaa kwake miezi 7. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu, kwa sababu halikufanana na nililoagiza.

Basi mama, hili ndilo neno langu kwako, na kwa kila mzazi hapa mwenye mtoto Qatar, Saudia, Canada ama Marekani. Endelea kuomba. Lakini usimwambie mtoto kwamba kukosa nyumba ni dalili Mungu amemwacha, ama imani yake ni ndogo. Mwambie aangalie ni nani anamfungulia mlango, hata kama ni mtu ambaye hakumtarajia, na apokee kwa heshima na shukrani.

Neno la pili ni letu tuliobaki. Mungu alipompa Krapf makao, alitumia mikono ya watu: sultani, wazee wa Rabai, Kivoi. Nasi tuko na ploti hapa mjini. Kila muhula wanafunzi wanafika Chuo Kikuu cha Machakos na mabegi yao, wengine kutoka Turkana, wengine kutoka Sudan Kusini, wanazunguka hadi usiku wakitafuta chumba. Kuna nyumba zetu ambazo mgeni akitaja jina lake tu, chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Kuna zetu ambazo dipoziti inapanda ukisikika una lafudhi ya mbali. Tunamwombea mtoto wetu afunguliwe mlango ng'ambo, na huku tumeufunga wa kwetu kwa mtoto wa mwingine. Hapo tutubu.

Jumapili hii kutakuwa na daftari mbili mezani pale kwa mashemasi. Moja, andika jina la mtu wako aliye ugenini, tutawaombea mmoja mmoja kwenye kesha ya Ijumaa. Ya pili, kama una chumba, ama hata kitanda cha wiki mbili tu kwa mgeni, andika namba yako. Mimi na mke wangu tumeshaandika yetu.

Mungu awabariki.