Nabongo Mumia na Reli Iliyompita Kando

Kabla Kitale na Bungoma hazijawa miji, Mumias ilikuwa mji. Hapo, palipoitwa Elureko, Nabongo Mumia wa Wanga aliipokea misafara ya pwani pamoja na wapagazi wake, na wasaka pembe waliouzunguka Mlima Elgon kuelekea Karamoja. Joseph Thomson alipita mwaka 1883. Miaka miwili baadaye alipita Askofu Hannington, akielekea Busoga alikouawa. Chakula na usalama wa msafiri vilikuwa mikononi mwa Mumia, na humo ndimo ulimokuwa uwezo wake.

Waingereza walipokuja aliwakaribisha vivyo hivyo. Mwaka 1895 wapiganaji wake waliandamana nao kuwashambulia Wabukusu kule Chetambe, na baadaye Murunga, nduguye wa kambo, akawekwa Kimilili kuwatawala watu wasiomtaka. Mumia mwenyewe alifanywa chifu mkuu mwaka 1909.

Lakini reli, iliyofika Kisumu Desemba 1901, ilikuwa imekwisha kumpita. Mizigo ya Uganda ilivushwa ziwani kwa meli, misafara ikafifia, na mwaka 1920 makao ya serikali yakahamishiwa Kakamega. Katika muongo huo reli mpya ilitoka Nakuru kupitia Eldoret hadi Uganda, ikakata nchi ya Wabukusu. Stesheni ya Bungoma ikazaa mji. Tawi la Kitale, lililojengwa ili kubeba mahindi ya walowezi, lilifunguliwa mwaka 1926. Mwaka huo huo Mumia alistaafishwa.

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega. Walowezi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu, waliokwisha kufilisiwa na nzige na kuporomoka kwa bei za mazao, walimiminika huko kuchimba. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika ardhi yao milele. Desemba 1932 ikarekebishwa ili wachimbaji waipate. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka mitatu! Mzee aliyewafungulia Waingereza mlango hakuwa tena na cheo cha kuwazuia.

Tawi la kutoka Kisumu nalo lilikomea Butere, ng'ambo ya mashamba tu kutoka kwake. Mumia alifariki Aprili 1949. Magunia ya mahindi yalikuwa yakipakiwa kwenye mabehewa Kitale na Bungoma. Mumias haikuwa na stesheni.