Mwenyeheri Niels Stensen: Askofu Aliyezichunguza Chemchemi za Kinywa

Kila tunapofumbua kinywa kusali, kuimba zaburi au kupokea Ekaristi Takatifu, tunasaidiwa na kitu tusichokitafakari: mate. Bila mate ulimi hukauka, neno hukwama na chakula hakimezeki. Mmoja wa wale waliowaonyesha wanadamu mate yanakotoka ni askofu ambaye Kanisa limemtangaza kuwa Mwenyeheri, naye ni Niels Stensen wa Denmark.

Stensen alizaliwa Copenhagen mwaka 1638, mtoto wa sonara, katika familia ya Kilutheri. Alisoma utabibu katika mji wake, na mwaka 1660 akasafiri hadi Amsterdam kuendelea na masomo. Mwezi Aprili mwaka huo alinunua kichwa cha kondoo, akikusudia kuuchunguza ubongo. Kabla ya kuufikia, aliuona mrija mwembamba shavuni. Akapenyeza ndani yake kijiti cha chuma, nacho kikateleza mpaka kikagonga jino. Kumbe ndio mrija unaoleta mate kinywani kutoka kwenye tezi iliyo mbele ya sikio, nao hadi leo huitwa kwa jina lake.

Furaha hiyo ilimletea majaribu. Gerard Blasius, mwalimu aliyekuwa amempokea nyumbani kwake, hakuuthamini uvumbuzi huo hapo mwanzo, lakini baadaye alidai kuwa ni wake, naye mwanafunzi akashutumiwa kuwa mwongo. Kijana huyo wa miaka ishirini na kitu, mgeni katika nchi ya watu, alikuwa hatarini kupoteza heshima yake. Alijitetea kwa maandishi, lakini utetezi wake mkubwa ulikuwa kazi yenyewe. Alihamia Leiden, akachunguza tezi za kinywa moja baada ya nyingine, na mwaka 1662 akachapisha kitabu juu ya tezi za kinywa, macho na pua.

Tezi kubwa za mate ni jozi tatu. Jozi ya kwanza iko mbele ya masikio. Ya pili imejificha chini ya taya, upande wa kulia na wa kushoto. Kila tezi ina mrija unaokwenda mbele na kufunguka chini ya ulimi, kando ya utepe wa nyama unaoushikilia ulimi. Hizi ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya mate yanayolowanisha kinywa wakati hatuli. Jozi ya tatu, iliyo ndogo kuliko zote, imelala chini ya ulimi wenyewe, nayo humwaga mate yake mazito kwa vijirija vingi vidogo. Mrija wa tezi za chini ya taya ulikuwa umekwisha kuelezwa mwaka 1656 na Thomas Wharton, tabibu wa London. Stensen hakuutwaa sifa yake. Mpaka leo unaitwa mrija wa Wharton. Aliyeonja uchungu wa kunyang'anywa hakumnyang'anya mwenzake.

Siku hizo wengi waliamini kwamba machozi na majimaji ya kinywani hushuka kutoka ubongoni. Stensen alionyesha kwamba tezi huyatengeneza kutokana na yale yanayoletwa na damu. Hivyo alijifunza kutoridhika na yasemwayo na wengi, bali kutafuta mpaka aione kweli.

Moyo huohuo ulimwongoza katika imani. Mwaka 1666, akiwa Livorno nchini Italia, alitazama maandamano ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, akajiuliza: je, umati ule wote unakiheshimu kipande cha mkate tu, au kweli Kristo yumo? Swali hilo halikumpa usingizi mwepesi. Alisoma maandiko ya kale ya Kanisa, na huko Firenze alisaidiwa na mtawa mmoja mnyenyekevu aliyehudumu katika duka la dawa. Mwezi Novemba 1667 alipokelewa katika Kanisa Katoliki.

Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1675, na miaka miwili baadaye akawekwa wakfu kuwa askofu na kutumwa Ujerumani ya kaskazini, ambako Wakatoliki walikuwa wachache. Aliishi kwa ufukara, akafunga sana, na kuuza hata pete na msalaba wake wa kiaskofu ili awasaidie maskini. Huko Münster, fedha zilipoingilia uchaguzi wa askofu mpya, alipinga, kisha akaondoka. Alifariki dunia Schwerin mwaka 1686, akiwa na umri wa miaka 48, baada ya maumivu makali aliyoyapokea kwa sala. Mwili wake ulipelekwa Firenze, ukazikwa katika Kanisa la Mtakatifu Laurenti. Tarehe 23 Oktoba 1988, Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Ndugu mpendwa, Injili yatusimulia jinsi Bwana Yesu alivyotumia mate kumponya kiziwi mwenye utasi, na ulimi wake ukafunguka. Kinywa chako nacho kimeandaliwa chemchemi zisizoonekana, usiku na mchana, bila wewe kuziomba. Basi kisitumike kumwibia jirani sifa yake wala kumzushia uongo. Kimshukuru Muumba, na kiseme kweli, hata pale kweli inapokuwa na gharama.

Mwenyeheri Niels Stensen, utuombee.