Mkwawa na Somo la Shabaha

Wanachuo wenzangu, sisi tunaosoma Iringa jina la Mkwawa tunalitamka kila siku. Liko kwenye chuo, liko kwenye fulana. Lakini mtu akituuliza alikuwa nani, wengi tunajibu mambo mawili tu: aliwapiga Wajerumani Lugalo, halafu akajipiga risasi. Kati ya hayo mawili kuna miaka saba ambayo tunairuka kama mada isiyotoka kwenye mtihani.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo maisha yake nimeyasoma nikiwa na swali la kiualimu: mtu anajifunzaje kitu mpaka akiweze hata pale mazingira yanapobadilika? Nimechagua kuliangalia swali hilo kupitia shabaha, maana shabaha haina ubishi. Umepiga au umekosa.

Mkwawa alizaliwa karibu mwaka 1855, mtoto wa Munyigumba, mtawala aliyeziunganisha koo nyingi za Uhehe chini ya utawala mmoja. Jina lake refu ni Mkwavinyika, na wengi hulieleza kuwa ni mtu atwaaye nchi nyingi. Munyigumba alifariki mwaka 1879, na papo hapo ugomvi wa kiti ukazuka. Mwambambe alimzidi nguvu, kijana Mkwawa akakimbilia Ugogo. Baadaye alirudi, wafuasi wake wakamshinda Mwambambe, naye akashika utawala akiwa bado hajafika miaka thelathini.

Tazama sasa watu wake walijifunzia wapi vita. Walipigana na Wasangu kwenye nyanda za Usangu, na Wangoni waliotoka kusini, na Wagogo kwenye nchi kame. Nyumbani kwao kuna baridi, milima, mawe na misitu ya Udzungwa. Mkuki wa kurusha una umbali wake, wa kuchoma una wakati wake, na adui wa tambarare hapigwi kama adui wa vichakani. Kijana aliyepitia hayo yote hakuwa amekariri pigo moja. Alikuwa amejifunza kupima: huyu yuko umbali gani, jua liko wapi, nirushe au nisubiri?

Tarehe 17 Agosti 1891 kipimo hicho kilikutana na jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa. Zelewski alikuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi, bunduki za kisasa na mizinga. Askari wale walikuwa wamefundishwa vizuri, ila walifundishwa kusimama kwenye safu, kusikia amri na kumlenga adui anayeonekana kwa mbali. Lugalo hapakuwa na safu wala umbali. Walikuwa wanatembea mstari mrefu kwenye njia nyembamba, Wahehe wakatoka vichakani na nyuma ya mawe wakiwa karibu kabisa. Wengi wa askari hawakupata nafasi ya kupiga zaidi ya risasi moja au mbili. Zelewski mwenyewe aliuawa kwa mkuki, na wengi wa jeshi lake walikufa pale pale. Wahehe nao walipoteza watu wengi, jambo ambalo sisi mashabiki wa Lugalo huwa hatulitaji. Waliondoka na bunduki karibu 300 na mizinga mitatu.

Hapa ndipo somo langu linapoanza kuwa gumu. Mtu angedhani kwamba kwa bunduki zile Mkwawa sasa angekuwa hashindiki. Haikuwa hivyo. Bunduki unaweza kuiteka kwa siku moja, lakini shabaha yake huwezi kuiteka. Shabaha inatafuta risasi nyingi za kupotea: asubuhi na jioni, kwenye upepo na kwenye mvua, karibu na mbali, ukiwa umepumzika na ukiwa unahema. Wahehe hawakuwa na kiwanda cha risasi. Kila risasi ya mazoezi ilikuwa imepungua kwenye akiba ya vita. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo ambalo ukuta wa Kalenga haukuweza kulifidia.

Ukuta wenyewe ulikuwa mkubwa, wa mawe na udongo, ukiizunguka ngome yake karibu na Mto Ruaha Mdogo. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Wajerumani walifika chini ya Gavana von Schele, wakaupiga kwa mizinga, na tarehe 30 wakaingia ndani. Wapiganaji ambao nguvu yao ilikuwa kutokea mahali pasipotarajiwa walijikuta wamesimama mahali pamoja, adui akijua walipo. Kalenga ilianguka. Mkwawa hakukamatwa.

Kilichofuata ni miaka karibu minne ya vita vya msituni. Alirudi kwenye kile ambacho watu wake walikijua: kuhama, kuvizia, kupotea. Wajerumani walijenga kituo chao Iringa mwaka 1896 chini ya Tom von Prince. Walimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, halafu baada ya muda mfupi wakamnyonga wakidai anamsaidia kaka yake. Waliahidi rupia 5,000 kwa atakayemleta. Wananchi walichomewa vyakula, walifukuzwa makwao, na bado wengi walimficha. Njaa na maradhi vilifanya kazi ambayo bunduki zilishindwa kuifanya. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, akiwa mgonjwa na karibu peke yake, alijipiga risasi ili asikamatwe.

Kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ikirudishe, lakini ilichukua mpaka mwaka 1954 ndipo Gavana Twining akalileta fuvu, na leo liko Kalenga.

Sasa tuje darasani. Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth walichapisha jaribio dogo. Watoto walirusha vifuko vya maharage kwenye alama chini. Kundi moja la watoto wa miaka minane lilijizoeza kwa umbali wa futi 3 tu. Jingine lilijizoeza kwa futi 2 na futi 4, halikugusa futi 3 hata siku moja. Siku ya kupimwa, wote walipimwa kwa futi 3. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao hawakuwahi kujizoeza kwa umbali huo. Mazoezi ya aina moja yaliwafundisha wenzao kurudia. Mazoezi tofauti yaliwafundisha hawa kupima.

Sisemi Mkwawa alishindwa kwa sababu ya mazoezi peke yake. Mizinga ni mizinga, na njaa ni njaa. Nasema Lugalo haikuwa bahati wala uchawi, na tukiifundisha hivyo tunawanyang'anya babu zetu sifa ya kuwa wanafunzi wazuri.

Na sisi je? Tunapiga msuli kwa desa lile lile, chumba kile kile, maswali ya mwaka jana. Halafu tunaenda fildi, tunakuta darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati, vitabu vichache, mvua inapiga bati mpaka sauti haisikiki. Pale hakuna atakayekuuliza nadharia. Anayejizoeza kufundisha kwenye kijikundi cha wenzake watano, kesho ukumbini, keshokutwa chini ya mti bila projekta, huyo atakuwa ameshapima umbali mwingi kabla ya kufika.

Kama hujawahi kufika Kalenga, panda daladala siku ya Jumamosi. Si mbali. Jumba la makumbusho ni dogo, na utalimaliza mapema. Ukitoka, yatazame mabaki ya ule ukuta, kisha inua macho uitazame milima inayoizunguka Kalenga, ujiulize wewe ungepigania wapi.